Safari ya gari na familia wakati wa baridi Ulaya

Wakongomani wengi wa Ubelgiji wanatumia likizo ya Noeli kutembelea ndugu Ujerumani, Uswisi ao Italia kwa gari. Cha kwanza kuangalia ni mapneu. Ubelgiji hailazimishi mapneu ya baridi. Lakini ukiingia tu Ujerumani na barabara iko na theluji ao barafu, ni lazima, tena tangu Oktoba 2024 yawe na alama ya mlima na theluji. Bila hayo, amende inaanzia euro 60.

Uswisi inaomba stika ya autoroute ya franka 40, hata kama unapita siku moja. Barabara ya juu ya Gotthard inafungwa na theluji. Magari yanapita katika tunele ya karibu kilometa 17. Na Desemba mwangaza unadumu masaa 8 hivi, basi mwenye watoto asipange njia ndefu.

Upande wa karatasi, kila mtoto awe na yake. Mama aliyetoka Bukavu na viza ya Schengen ya kuingia mara moja anaweza kupita nchi hizo zote, kama siku zake hazijaisha. Akivuka kwenda Uingereza, hata kwa viza ya kule, hawezi tena kurudi Ubelgiji na ile ya kwanza.