Kuponi ya Kalemie: kutoka posho ya wapagazi hadi bonasi ya simu

Ukimuuliza kijana wa Kalemie kuponi ilifika lini mjini, atakutajia kambi. Mwaka 2016 na 2017 mapigano ya Watwa na Waluba yaliwang'oa watu zaidi ya nusu milioni majumbani mwao katika jimbo la Tanganyika, nchini Kongo. Vibanda vya nyasi vikaenea Katanika, Kalunga na kwingine pembezoni mwa mji, na Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa ukaitangaza Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu Kusini, kuwa eneo la dharura ya kiwango cha juu kabisa. Mashirika yakaja na maturubai, yakaja na magunia, na mengine yakaja na vitabu vidogo vya karatasi zenye mihuri, ambazo mama wa familia alichana moja moja na kulipia sufuria, kitenge, jembe au unga.

Kijana huyo hasemi uongo, ila ameruka zaidi ya karne nzima. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, mtu kupewa kitu kisicho pesa kamili ili akajinunulie chakula ni jambo la kale kuliko reli, kuliko bandari, kuliko mji wenyewe. Na kila kizazi kimejifunza upya, mara nyingi kwa hasara, kwamba namba iliyochapwa juu ya kuponi haitoshi kukuambia thamani yake. Lazima ujue nani ataipokea, mpaka lini, na kwa bei aliyoipanga nani.

Wa kwanza kulijua hilo walikuwa wapagazi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji haikuweza kubeba chakula cha njia nzima. Mpagazi alipewa posho. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba 1 cha nafaka kwa siku, lakini mara nyingi mkuu wa msafara hakuwa na nafaka ya kutoa. Alitoa kitambaa au shanga, watu wakagawana, kila mmoja akaenda kutafuta mhogo wake sokoni. Kwa kazi yake, kipande kile cha kaniki au merikani kilikuwa kuponi ya chakula hasa: kimetolewa na tajiri, kina matumizi maalumu, na hatari yote ya bei imehamia kwa mwenye njaa.

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, soko lilikuwa na utaratibu wake. Walitumia shanga ziitwazo sofi, vipande vifupi vilivyofanana na shina la kiko lililokatwakatwa, zilizotungwa kwenye uzi. Edward Hore, baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka 1878, alieleza jinsi wabadilishaji walivyokaa sokoni wakipokea kitambaa na kutoa sofi, na jinsi kiwango kilivyobadilika kufuatana na wingi wa kitambaa kilichopo mjini. Hebu fikiria maana yake kwa mpagazi. Msafara mkubwa ukiingia, kitambaa kinajaa, sofi zinapanda, na mamia ya watu wanagombea mhogo uleule siku ileule. Posho ni ileile aliyopewa kule nyuma, lakini tumboni imepungua. Aliyefika na msafara mdogo, au aliyeweza kusubiri hadi wenzake waondoke, alikula vizuri zaidi kwa kitambaa kilekile.

Tena kila eneo lilikuwa na shanga zake. Rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa safari ya siku chache mbele, na mzigo uliobebwa kwa jasho kutoka pwani ukawa hauna mnunuzi. Wamisionari waliofungua kituo Mtowa mwaka 1879, kaskazini kidogo ya mdomo wa mto Lukuga, walilazimika kujua mapema watu wa upande huu wanapokea nini, kama alivyolazimika kila aliyetaka kula kwenye pwani hii.

Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji, akajenga ngome karibu na hapo na kuiita Albertville, jina ambalo baadaye lilikuwa la mji wetu wa Kalemie. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa na tajiri Empain mwaka 1902, ikafikisha njia yake kutoka Kabalo hadi ziwani mwaka 1915, karibu kilomita 270. Bandari, karakana za reli, machimbo ya makaa ya mawe ya Lukuga na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf vikaleta maelfu ya wafanyakazi ambao hawakuwa na shamba karibu. Posho ikahama kutoka njia ya msafara ikaingia kwenye daftari la kampuni. Dikri ya Machi 1922 kuhusu mikataba ya kazi ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi Mwafrika chakula, ama chenyewe ama thamani yake kwa pesa.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii yote. Chakula chenyewe, au thamani yake? Ukipewa unga wenyewe, bei ya sokoni ikipanda haikuhusu, ila unakula ulichopangiwa, hata kama kwenu mmezoea bukari (ugali) ya mhogo na samaki wa ziwa. Ukipewa thamani yake unachagua mwenyewe, ila siku unga ukipanda, aliyepanga kiwango ofisini halali njaa; unalala wewe. Leo mashirika ya misaada yanabishana juu ya kuponi ya bidhaa na kuponi ya thamani, na hoja ni hizohizo.

Enzi ya Rais Mobutu ilijibu swali hilo kwa ukatili. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiwango chenye kikomo. Aliyekuwa kijijini mbali na benki, aliyeweka akiba ndani ya godoro, aliyeuza samaki wake wa mwezi mzima, alibaki na makaratasi. Noti ya serikali ilikuwa imeisha muda kama tikiti ya jana. Miaka ya 1990 ikaja na mfumuko wa bei wa maelfu ya asilimia kwa mwaka. Oktoba 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Katika hali hiyo mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines kule kusini aliutazamia mfuko wa unga wa mposho kuliko mshahara. Mshahara ulioandikwa kwa zaire uliyeyuka kabla ya kufika nyumbani. Unga ulioandikwa kwa kilo ulibaki kilo zilezile. Ninaamini hili ndilo somo kubwa kuliko yote ambalo nchi yetu inaweza kumfundisha yeyote anayetengeneza kuponi.

Kwingine duniani kuponi ilizaliwa dukani. Mwaka 1844 huko Rochdale, Uingereza, wafumaji na mafundi walifungua duka la ushirika na kugawana faida kulingana na manunuzi ya kila mwanachama. Aliyenunua sana alirudishiwa sana. Mwaka 1896 huko Marekani kampuni ya Sperry & Hutchinson ikaanza kuwauzia wenye maduka stempu za kijani; mteja alipewa stempu kila aliponunua, akazibandika kwenye kitabu, kitabu kikijaa akakibadilisha na taa au seti ya vyombo. Zinafanana kwa juu, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Rochdale mteja alikuwa mwenye duka, na alichorudishiwa kilikuwa faida yake. Kwenye stempu, mwenye duka alikwisha kuzilipia, na gharama hiyo aliitafutia nafasi kwenye bei ya sukari na sabuni. Mteja aliyezitupa stempu zake alikuwa amelipia taa ya jirani.

Pointi za leo ni watoto wa stempu zile, na jirani zetu wa Kenya wamezijaribu kwa upana. Duka kubwa la Nakumatt lilikuwa na kadi yake ya Smart, na wateja walilimbikiza pointi miaka na miaka. Duka likazidiwa na madeni, Januari 2018 likawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe kabisa. Matawi 6 ya mwisho yalikuwa yamenunuliwa na maduka ya Naivas. Aliyetumia pointi zake mapema alikula; aliyezitunza kwa ajili ya kitu kikubwa alikuwa amelikopesha duka bila kujua, na katika foleni ya wadai mteja mwenye kadi hukaa nyuma kabisa.

Kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007. Kwa muda wa maongezi, kila shilingi 10 zilileta pointi 1. Aprili 2020, wakati wa korona, iliruhusu pointi zitumike kulipia vyakula na dawa madukani, kila pointi ikihesabiwa kuwa senti 30. Hesabu yake ilikuwa rahisi na kila mtu aliweza kuifanya: shilingi 1,000 zilileta pointi 100, pointi 100 zilikuwa shilingi 30, yaani punguzo la asilimia 3. Haikuwa haba kwa mtu ambaye angepiga simu hata hivyo. Lakini aliyenunua muda wa shilingi 1,000 asiouhitaji ili apate shilingi 30 alitupa 970. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zilizozidi miaka 3 zitafutwa, na kelele zilizofuata zilionyesha wengi walikuwa wamezihesabu kama akiba ya benki.

Turudi Kalemie, kwenye soko la kuponi lenyewe, maana hapo ujuzi wa kutoa thamani unaonekana kwa macho. Uwanja wa shule au wa mpira unazungushiwa kamba. Wafanyabiashara walioandikishwa wanapanga mali: bidoni, sufuria, vitenge, magodoro, unga, mafuta ya mawese, chumvi. Ubao wa bei unasimama mlangoni. Kila familia ina jeto lake la utambulisho, inahakikiwa kwenye orodha, inapewa kuponi na kuingia kwa zamu. Jioni mfanyabiashara anahesabu alizokusanya, anazikabidhi kwa shirika, na pesa yake inakuja baadaye kwa benki au kwa simu.

Neno «baadaye» lina uzito wake. Mfanyabiashara amekodi lori au mtumbwi wa injini, pesa yake imefungwa, na hajui atalipwa kesho au mwezi ujao. Bila kamati ya bei yenye meno, anaiongeza gharama ya kusubiri juu ya sufuria. Ndiyo maana wenye uzoefu huulizia bei ya soko la kawaida siku moja kabla, wakaingia uwanjani wakijua bidoni la lita 20 linauzwa kiasi gani mjini. Wanapita meza zote kabla ya kuchana karatasi ya kwanza. Wanaanza na vitu ambavyo pesa yao ya kawaida haiwezi kuvifikia, kama godoro au jembe la chuma kizuri, na kuacha vile ambavyo watavipata kwa vibarua vya siku mbili. Kuponi ndogo wanazibakiza mwisho, kwa sababu muuzaji harudishi chenji. Ukimpa karatasi ya 10,000 kwa kitu cha 8,000, ni lazima ukubali chumvi au sabuni ya 2,000, na yeye ndiye anayechagua.

Kuna pia wanaouza kuponi nje ya kamba. Tuseme karatasi ya 10,000 inatolewa kwa 7,000 taslimu. Wasimamizi hukasirika, lakini mimi siwezi kumlaumu mama mwenye mtoto anayewaka homa wakati kituo cha afya kinataka pesa na uwanjani kunauzwa sufuria. Zile 3,000 alizopoteza ni kipimo cha umbali kati ya mahitaji yake na orodha ya bidhaa iliyopangwa na watu wengine.

Bonasi za simu zinapimwa kwa njia ileile. Ukiweka yuniti za dola 1 ukapewa bonasi ya dola 1 inayokoma saa sita usiku na inayofika namba za mtandao uleule tu, jiulize leo una watu wa kuongea nao kwenye mtandao huo hadi bonasi iishe. Kama hakuna, umenunua yuniti za dola 1, basi. Mama muuza ndakala (dagaa) hana haja ya masharti hayo. Mteja wake wa kila siku anasema «mama, uniongezee», anatupiwa konzi moja juu ya kipimo, na matabishi hayo yanaliwa jioni hiyohiyo.

Kwa wanaopanga misaada ijayo Tanganyika nina ombi moja. Bei ya unga hapa hupanda katika miezi ya kupanda, kabla mavuno mapya hayajaingia, na hupanda tena barabara ikikatika au mitumbwi isipovuka. Kwa sufuria na vitenge andikeni thamani, watu wachague wenyewe. Kwa unga, katika miezi hiyo, andikeni kilo.