Asili ya Maktaba ya SDL na Namna ya Kuianza

Kusudi la makala haya ni kueleza kwa ufupi asili ya chombo kimoja cha waandishi wa programu za kompyuta, kiitwacho SDL, na jinsi mwanafunzi aanzavyo kukitumia. Chombo hiki huitwa maktaba, wala msomaji asidhani ni nyumba ya vitabu. Katika kazi hii maktaba ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mwandishi wa programu huyaita kila ayahitajipo badala ya kuyaandika upya. SDL hushughulika khasa na picha, sauti, na amri zitokazo kwenye kibodi na kipanya.

Ili kufahamu kwa nini ilihitajiwa, hatuna budi kurejea miaka ya tisini ya karne iliyopita. Wakati ule kila mfumo wa kompyuta ulikuwa na desturi yake ya kufungua dirisha, kuchora picha na kutoa sauti. Mwaka wa 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa DirectX kwa kazi hizo, lakini ilikuwa ya Windows. Aliyetunga mchezo kwa kuitegemea, akitaka uchezwe pia katika Macintosh au Linux, alilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya kazi yake. Kwa hiyo watumiaji wa mifumo midogo aghalabu walikosa michezo, ingawa kompyuta zao ziliiweza.

Mapema mwaka wa 1998, mwandishi wa programu aitwaye Sam Lantinga alitoa SDL. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya tabaka jepesi la kuvifikia vyombo vya picha na sauti moja kwa moja. Neno tabaka ndilo kiini cha fikira yake. Mwandishi hutoa maagizo yake kwa tabaka hilo, nalo huyafasiri kwa kila mfumo, mfano wa mkalimani ajuaye lugha za bandari zote. Lantinga aliitumia kuuhamishia katika BeOS mchezo wa Doom, ambao msimbo wake ulikuwa umetolewa hadharani Desemba 1997.

Mwaka ule ule wa 1998 ilianzishwa huko California kampuni ya Loki Software, iliyohamishia michezo ya Windows katika Linux. Lantinga alijiunga nayo, na SDL ikawa nguzo ya kazi yake. Lakini biashara haikustawi. Agosti 2001 kampuni iliomba kinga ya sheria ya kufilisika, na Januari 2002 ikafungwa. Lau maktaba ingalikuwa mali ya siri, ingalizikwa pamoja na kampuni. Ilinusurika kwa kuwa ilitolewa kwa leseni huria ya LGPL: kila mtu aliruhusiwa kuisoma, kuirekebisha, na kuitumia hata katika programu ya kuuza, mradi marekebisho ya maktaba yenyewe aliyoyasambaza ayatoe kwa masharti yale yale. Toleo la 2.0, la Agosti 2013, lilichukua leseni nyepesi zaidi iitwayo zlib. Toleo thabiti la kwanza la SDL 3 lilitoka Januari 2025.

Anayeanza hufuata utaratibu mfupi. Kwanza huiamsha maktaba kwa agizo SDL_Init, akitaja sehemu azitakazo. Pili hufungua dirisha. Tatu huingia katika mzunguko, ambao ndio moyo wa programu: hupokea matukio, hubadili hali ya mchezo, huchora picha, kisha huanza tena, mara nyingi katika kila sekunde. Mwisho huachilia alivyoviazima na kuifunga maktaba kwa SDL_Quit. Asiyepokea matukio ataona dirisha limeganda, kwani mfumo hudhani programu imekufa. Tena yafaa atazame kwanza mafunzo ayasomayo ni ya toleo lipi. Agizo SDL_SetVideoMode la toleo la 1.2, lililofungua dirisha moja tu, halimo katika 2.0, ambamo programu moja yaweza kuwa na madirisha mengi.

Twaona basi kwamba masharti ya leseni ni sehemu ya historia ya chombo, kama ulivyo ufundi wake. Mwanafunzi achaguaye maktaba ya kujengea kazi yake na aisome leseni kabla ya kuandika agizo la kwanza, apate kujua kama kazi hiyo itaweza kuendelea siku mwenye chombo atakapofunga milango.