Sikio la Dereva wa Bodaboda: Mngurumo, Upepo na Hedifoni katika Nyanda za Njombe

Historia ya usafiri katika nyanda za juu za Njombe kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata barabara, reli na mazao, na ni nadra kusimuliwa kwa kufuata sikio la msafiri. Hata hivyo, kazi ya kubeba abiria kwa pikipiki, ambayo leo ni riziki ya vijana wengi kuanzia Makambako hadi vijiji vinavyoizunguka Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, ilitegemea usikivu tangu mwanzo wake, nayo ndiyo inayoudhoofisha usikivu huo kidogo kidogo. Hedifoni, yaani visikilizi vinavyovaliwa masikioni, hazikuanzisha madhara hayo. Zilikuta sikio limekwisha kuelemewa na upepo na mngurumo, zikaongeza mzigo juu ya mzigo.

Makambako ilikua kwa sababu njia kuu zilikutana hapo: barabara ya Tanzania na Zambia iliyowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara ya lami ya kwenda Songea kupitia Njombe, iliyojengwa katika miaka ya 1980. Njia hizo zilitatua tatizo la mizigo mikubwa na safari ndefu, lakini mkulima wa kijijini aliendelea kutegemea miguu, baiskeli na lori la bahati, huku pikipiki ikibaki chombo cha bwana shamba, mmisionari na mtumishi wa afya. Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 2000, zilipoingia kwa wingi pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, kama SanLG, T-Better, Boxer na TVS, na biashara ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, ikaenea hadi nyanda za kusini. Kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji ziliipa kazi hiyo utambuzi wa kisheria, na kuundwa kwa Mkoa wa Njombe na Wilaya ya Wanging'ombe mwaka 2012 kuliongeza safari za watu wenye shida za ofisini kwenda Igwachanya.

Katika kazi hiyo sikio lilikuwa nyenzo kabla ya kuwa kiungo cha starehe. Fundi wa pikipiki huanza kwa kuisikiliza injini kabla ya kushika spana, akatofautisha mlio wa kutatarika wa valvu zilizolegea na mkwaruzo wa cheni inayogonga kava yake. Asiporidhika, huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake karibu na sikio, ili mtetemo upande kupitia chuma na kumwonyesha mahali ubovu ulipo. Dereva naye hulisikia lori linalotokea nyuma kabla ya kuliona, hasa pale ambapo vioo vya pembeni vimekwisha kuvunjika, na humsikia abiria anayemwambia mahali pa kushuka. Anayepoteza usikivu, kwa hiyo, hupoteza sehemu ya ufundi wake na sehemu ya usalama wake kwa pamoja.

Redio ilikuwa imezoeleka nchini muda mrefu kabla ya bodaboda, kwa kuwa matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, lakini kwa miaka mingi ilisikilizwa na watu wengi pamoja, nyumbani, dukani au kilabuni. Usikilizaji wa mtu mmoja akiwa mwendoni ulipata nguvu duniani baada ya kicheza kaseti cha mkononi cha Walkman kutolewa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1979, na ukawafikia madereva wa Njombe kupitia simu ya mkononi. Jambo moja la kiufundi lilichangia sana mazoea hayo: katika simu nyingi za bei nafuu, waya wa hedifoni ndio uliotumika kama antena ya redio ya FM, hivyo aliyetaka kusikia taarifa ya habari au mpira alilazimika kuchomeka hedifoni hata kama hakuzihitaji. Baridi ya Njombe nayo iliwafundisha madereva kuvaa boshori la sufu chini ya kofia ngumu, na hedifoni ikapata pa kujishikiza.

Adui wa kwanza wa sikio la dereva, hata hivyo, ni upepo. Watafiti wa Uingereza waliopima sauti ndani ya kofia ngumu katika miaka ya 1990 walikuta kwamba kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa kelele inayofika sikioni ni kama desibeli 90, nayo huzidi kupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti, na kila zinapoongezeka desibeli 3 nishati ya sauti huwa maradufu, kwa hiyo muda wa kusikiliza kwa usalama hupungua kwa nusu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa juma, ilhali ya desibeli 90 haipaswi kuzidi saa 4. Dereva anayekimbia barabara ya lami kati ya Makambako na Njombe huweza kuzimaliza saa hizo katika siku moja au mbili. Na akitaka muziki wake usikike juu ya upepo huo, hana budi kuupandisha zaidi ya desibeli 90.

Madhara ya kelele za kazini yalijulikana zamani. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 waliotengeneza matangi ya mvuke kwa kugonga chuma, akawalinganisha na wasambaza barua, na hakumpata hata fundi mmoja mwenye usikivu kamili. Sababu ilikuja kueleweka baadaye: ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringisha kama konokono, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo kwa binadamu hazioti tena zikifa. Hutangulia kufa zile zinazopokea sauti nyembamba, kwa hiyo mgonjwa husikia kwamba mtu anasema lakini hashiki vizuri herufi kama s, f na t, na mara nyingi hubaki na mvumo usiokoma masikioni.

Mtu wa namna hiyo akivaa hedifoni hukutana na matatizo mawili. La kwanza ni kwamba kuongeza sauti hakumrudishii uwazi, kwa sababu sikio lililoumia hushindwa kusikia sauti ndogo na papo hapo huudhika upesi na sauti kubwa, na anachokipata ni kelele zaidi na madhara zaidi. La pili hutokana na stirio, yaani mfumo unaogawa muziki kati ya kushoto na kulia, ambao humnyima mwenye sikio moja bovu sehemu ya kile kilichorekodiwa. Simu janja nyingi zina mpangilio wa kuunganisha pande hizo mbili, na wengi hawaujui.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, lakini dereva wa bodaboda, anayempelekea tajiri, yaani mwenye pikipiki, hesabu kila siku au anayeendesha chombo chake mwenyewe, mara nyingi hana mwajiri wa kumpeleka kupimwa masikio. Upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulioanza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2017 ni hatua ya kujivunia, ila umekusudiwa wenye upotevu mkubwa wa usikivu, na ni ghali.

Kinga, kwa hiyo, lazima ianzie kijiweni. Vizibo vya masikio vya bei ndogo hupunguza upepo bila kuzima honi, kwa kuwa hushusha sauti zote kwa pamoja. Ekzosi isiyotolewa kizuia sauti humlinda dereva na mtaa mzima. Na muziki unaweza kusubiri mpaka pikipiki isimame. Viongozi wa vyama vya bodaboda na halmashauri za Njombe, Makambako na Wanging'ombe wayaingize mambo haya katika mafunzo ya usalama barabarani, pamoja na upimaji wa masikio, kabla kizazi cha kwanza cha kazi hii hakijazeeka kikiwa hakisikii.