Makerere, hewa ya Kampala na masomo ya mtandaoni

Kampala, mji mkuu wa Uganda, umeenea juu ya vilima na katika mabonde yaliyo baina ya vilima hivyo. Alfajiri, kabla jua halijaipasha ardhi joto, hewa ya baridi hutuama mabondeni, na pamoja nayo hutuama moshi wa majiko ya mkaa, moshi wa magari na pikipiki, na vumbi la barabara zisizo na lami. Kwa miaka mingi wakazi waliujua moshi huo kwa macho na kwa kikohozi tu. Hapakuwa na aliyeweza kusema kwa hesabu ni kiasi gani kinachoingia vifuani mwao, wala ni mtaa upi wenye hali mbaya kuliko mwingine. Hesabu hiyo imetafutwa, na kwa kiasi kikubwa imepatikana, juu ya kimojawapo cha vilima hivyo hivyo: kilima cha Makerere.

Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Kati ya mwaka 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam, kisha kikawa chuo kikuu cha taifa la Uganda. Hapa si mahali pa kusimulia historia yake yote, ambayo wasikilizaji wengi wa rika la wazee wanaifahamu. Tunayoyatazama ni mambo mawili ambayo chuo hicho kimeyashughulikia kwa pamoja: usimamizi wa mazingira na matumizi ya teknolojia ya kidijitali katika elimu.

Utafiti wa mazingira haukuanza na kompyuta. Magharibi mwa Uganda, katika msitu wa Kibale, uchunguzi wa nyani na miti ulianza mwaka 1970, na baadaye Makerere ikawa na kituo chake cha utafiti mahali paitwapo Kanyawara. Karibu zaidi na mji lipo bonde la Nakivubo. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua na majitaka ya Kampala na kuyapeleka katika ardhi oevu iliyoota mafunjo, nayo hufungukia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Si mbali na hapo, Ggaba, ndipo mji unapovuta maji yake ya kunywa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Makerere walipima jinsi mizizi ya mafunjo inavyonasa uchafu na virutubisho vinavyozidi kabla maji hayajafika ziwani. Wachumi nao walikadiria kwamba huduma za bonde hilo zina thamani ya kati ya dola milioni moja na milioni 1.75 kwa mwaka. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mafunjo yakiondolewa, kazi yake italazimika kufanywa na mitambo, na mitambo hulipiwa. Hata hivyo sehemu kubwa ya bonde ilikatwa kwa ajili ya mashamba ya magimbi, nyumba na viwanda. Miaka mingi baadaye mtambo mkubwa wa kusafisha majitaka ulijengwa Bugolobi.

Kisa cha Nakivubo kinafaa kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa utafiti uliofungiwa katika vitabu. Matokeo yalikuwa sahihi, lakini yaliwafikia wachache, tena kwa kuchelewa. Mradi wa hewa ulichukua njia nyingine.

Kipimo cha bei nafuu

Mwaka 1995 au hata 2010, mtu aliyetaka kupima ubora wa hewa kwa uhakika alihitaji mtambo wa makumi ya maelfu ya dola, chumba chenye kiyoyozi, umeme usiokatika na fundi wa kuutunza. Mitambo ya namna hiyo huvuta hewa, hunasa vumbi kwenye utepe, kisha hupitisha miali ya beta juu ya utepe huo ili kujua uzito wa kilichonaswa. Miji ya Ulaya ina mitambo mingi kama hiyo. Katika miji mingi ya Afrika, kama ulikuwepo hata mmoja, mara nyingi ulikuwa katika uwanja wa ubalozi wa kigeni.

Mwaka 2015, katika idara ya sayansi ya kompyuta ya Makerere, ulianzishwa mradi uitwao AirQo chini ya Profesa Engineer Bainomugisha. (Engineer ni jina lake, si cheo, wengi hukosea hapo.) Kundi lake lilibuni kifaa kidogo ndani ya sanduku, kinachogharimu mamia machache ya dola. Ndani yake mna kihisi kinachotumia mwanga wa leza: hewa hupita mbele ya mwanga, chembe za vumbi huutawanya, na kifaa hukadiria wingi wa chembe kutokana na mwanga uliotawanywa. Kadi ya simu hupeleka vipimo kwenye kompyuta za chuo. Kifaa kinaweza kutumia umeme wa kawaida au wa jua, na kimeundwa kuvumilia vumbi, joto na mvua za ukanda huu. Vingine vilifungwa juu ya nguzo na kuta za majengo, na vingine juu ya pikipiki za bodaboda, ambazo hupita katika mitaa ambayo hakuna mtafiti angeweza kuifikia yote kwa siku moja.

Ugumu haukuwa katika kukitengeneza kifaa. Kihisi cha bei nafuu hudanganyika. Hewa inapokuwa na unyevu mwingi, chembe hufyonza maji na kuvimba, na kihisi huziona kuwa kubwa kuliko zilivyo. Ukungu wa asubuhi unaweza kuhesabiwa kuwa moshi. Basi watafiti huweka vifaa vyao kando ya mtambo mkubwa unaoaminika, vikapima hewa ile ile kwa muda mrefu, jua na mvua. Programu ya kompyuta hulinganisha namba za pande mbili, pamoja na joto na unyevu wa kila saa, na kujifunza jinsi ya kusahihisha makosa. Huo ndio ujifunzaji wa mashine katika maana yake ya kila siku, na hauna muujiza ndani yake. Masahihisho hayo yakishajulikana, hutumiwa kwa vifaa vilivyotawanyika mjini kote. Mbinu za jamaa hiyo hutumika pia kutabiri hali ya hewa chafu ya siku zijazo na kukadiria hali ya mitaa isiyo na kifaa.

Kinachopimwa zaidi ni chembechembe zenye kipenyo cha chini ya mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene takriban mara 30 kuliko chembe hiyo, na kwa udogo huo chembe hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachokipendekeza kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka; kwa saa 24 kiwango ni 15. Kampala inapita kiwango hicho mara kadhaa. Vipimo vinaonyesha pia kwamba hali huwa mbaya zaidi asubuhi na jioni, yaani saa ambazo watoto huwa njiani kwenda na kutoka shuleni, na kina mama huwa mbele ya majiko. Shirika hilo hukadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani, husababisha takriban vifo milioni 7 vya kabla ya wakati duniani kila mwaka.

Mfuko wa hisani wa kampuni ya Google uliupa mradi huo dola milioni 1.3 mwaka 2019, kisha dola milioni 3 mwaka 2021 ili uvuke mipaka ya Uganda. Leo vifaa vilivyobuniwa Makerere vinapima hewa katika miji ya Kenya, Ghana, Cameroon, Nigeria, Senegal na Msumbiji, na pia Bujumbura. Vipimo hutolewa bure mtandaoni, na yeyote mwenye simu anaweza kuvisoma.

Namba peke yake haisafishi hewa. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia bado yako barabarani. Kanuni za kitaifa za viwango vya ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2024, na hapo ndipo vipimo vilipopata sheria ya kuviegemea. Kuhusu taka, mwaka huo huo ulileta msiba: tarehe 10 Agosti 2024 jaa la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala tangu miaka ya 1990, liliporomoka na kufukia nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Taka zisizo na mahali pa kwenda huchomwa uani, na moshi wake ni sehemu ya moshi ule ule unaohesabiwa na masanduku ya Makerere.

Masomo wakati milango imefungwa

Upande wa elimu, Makerere ilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1991, ikitoa shahada za ualimu na biashara kwa watu walio kazini, kwa vitabu vilivyochapwa na vikao vya ana kwa ana. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilipoanzisha Chuo Kikuu cha Mtandaoni cha Afrika, masomo yalirushwa kwa setilaiti na Makerere ilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio. Baadaye chuo kilijenga jukwaa lake, MUELE, juu ya Moodle, programu huria iliyobuniwa Perth, Australia, na kutolewa rasmi mwaka 2002. Kwa kuwa Moodle hailipiwi leseni, chuo kinaweza kuitunza chenyewe kwa wataalamu wake.

Jukwaa lilikuwepo, lakini wengi walilitumia kama kabati la kuwekea maandishi ya mhadhara. Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa korona, shule na vyuo vyote vya Uganda vilifungwa. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lilitoa mwongozo wa kufundisha kwa masafa wakati wa dharura, na vyuo vikuu vikahamia mtandaoni kwa viwango vinavyotofautiana sana. Shule za chini ziliteseka zaidi: hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na kufungwa huko kulihesabiwa kuwa kurefu kuliko kote duniani. Wanafunzi zaidi ya milioni 10 waliguswa. Waliokuwa na simu na umeme walisoma kidogo. Wengine walitegemea redio, magazeti yaliyochapisha masomo, au hawakupata chochote.

Gharama ilikuwa kizuizi kikubwa kuliko ujuzi. Tangu Julai 2018 Waganda walilipa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021, shule zikiwa bado zimefungwa, kodi hiyo ilibadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data za intaneti. Ni vigumu kueleza kwa mzazi wa kijijini kwamba elimu imehamia mtandaoni na papo hapo kumtoza kwa kuingia humo.

Ndiyo maana redio haikupitwa na wakati kama ilivyodhaniwa. Watafiti wa akili bandia wa Makerere, kwa kushirikiana na ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini Kampala, walitengeneza programu inayosikiliza vipindi vya redio vya Kiluganda na Kiacholi, ambamo wananchi hupiga simu kueleza shida zao, na kuchuja yanayohusu mafuriko, magonjwa au huduma mbovu. Ili mashine ielewe lugha lazima ifundishwe kwa sentensi nyingi sana, na lugha zetu zilikuwa na sentensi chache zilizokusanywa. Kundi linaloongozwa na Joyce Nakatumba-Nabende limekusanya hazina ya maandishi na sauti za Kiluganda, Kinyankore-Kikiga, Kiacholi, Kimasaba na Kiswahili. Ikumbukwe kwamba Kiswahili kiliingizwa katika katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe mashuleni. Hata hivyo mihadhara mingi iliyomo mtandaoni ingali kwa Kiingereza.

Upande huu wa mpaka

Kwa wasikilizaji wa Rwanda, habari hizi si za mbali. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, hewa haikusubiri. Katika kituo cha uchunguzi wa tabianchi kilichoko juu ya mlima Mugogo, kaskazini mwa nchi, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, kazi inayofanywa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani imeonyesha kwamba moshi wa mioto ya misimu ya kiangazi hufika hapa kutoka mbali: kati ya Desemba na Februari hutoka kaskazini mwa ikweta, na kati ya Juni na Agosti hutoka kusini. Rwanda ina sheria yake ya kuhifadhi ubora wa hewa tangu mwaka 2016, na katika siku zisizo na magari mjini Kigali mkazi anaweza kusikia tofauti kifuani mwake. Lakini moshi unaoletwa na upepo hauzuiliwi na sheria ya nchi moja. Kuufuatilia kunahitaji vipimo vinavyolinganishika kutoka Kampala, Kigali na Bujumbura, vikiwa vimesahihishwa kwa njia moja na kuchapishwa mahali pamoja, na kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza.