Krediti 24

Kwetu, upande wa Eldoret, Mike Boit alisifiwa kwanza kwa kusoma. Medali ya shaba ya mita 800 aliyoipata kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 ilijulikana, na dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978 pia. Lakini mzazi aliyetaka mtoto wake aamke alfajiri akakimbie kabla ya shule alitaja vyuo: Eastern New Mexico kule Marekani, kisha Stanford kwa uzamili, kisha Northern Colorado kwa udaktari, na mwisho uprofesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa wazazi wetu mbio zilikuwa nauli. Ulikokwenda ni shule.

Njia ya Marekani ilikuwa imeshafunguliwa na watu wasiokimbia. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, matunda ya juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, na mamia wakafuata katika miaka michache iliyokuja. Baada ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott waliporudi na dhahabu, makocha wa vyuo vya Marekani nao wakaanza kuuliza habari zetu. Julius Sang na Robert Ouko walisoma North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi mjini Durham, chini ya kocha LeRoy Walker. Ndio hao, pamoja na Charles Asati na Hezahkiah Nyamau, walioshinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne kule Munich.

Kisha njia ikawa barabara kuu. Kocha John Chaplin wa Washington State, katika mji wa Pullman, alimpata Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Henry Rono wa chuo hichohicho akaivunja tena, na hakuishia hapo. Kati ya Aprili 8 na Juni 27, 1978, alivunja rekodi za dunia za mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Alikuwa mwanafunzi, na mihula ya vyuo vya huko haisimami kumngoja anayekwenda Vienna au Oslo. Kusini kabisa, El Paso, kocha Ted Banks alikusanya Wakenya na Watanzania. Suleiman Nyambui wa Tanzania alipata fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, na mwaka huohuo akawa bingwa wa vyuo wa mbio za nyika. Mwaka 1981 timu ya El Paso ilishinda mbio hizo kwa pointi 17. Katika mbio za nyika hujumlishwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa timu, na timu haiwezi kushuka chini ya 15. Kila ninaposoma matokeo yale nafurahi kama vile nilikuwepo.

Hata hivyo, nikiwa maktabani naona kwamba muda wa watu hawa umehifadhiwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde, lakini masomo yao siyaoni. Ni nani alimaliza? Alisomea nini? Matokeo ya mashindano hayasemi.

Mimi nilikuja kwa barabara hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya dada zetu wachache kutangulia. Nilitaka biolojia. Mkimbiaji wa masafa marefu, tofauti na mchezaji wa mpira wa miguu, ana misimu mitatu kwa mwaka: mbio za nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, za ukumbini baada ya Krismasi hadi Machi, za uwanjani hadi Juni. Biolojia inataka kemia, kemia inataka maabara, na maabara zetu zilikuwa alasiri. Mazoezi nayo yalikuwa alasiri. Kwenye hati yangu ya matokeo, mbele ya kemia, kuna herufi W, yaani somo liliachwa kabla ya muhula kwisha. Linganisha tarehe na ratiba ya mashindano, utaona sababu. Baada ya hapo mshauri wa masomo aliyehudumia wanariadha alinielekeza kwenye masomo ya asubuhi, lolote lililokuwa na nafasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Krediti 12 kwa muhula zinatosha kukufanya mwanafunzi kamili mwenye ruhusa ya kukimbia. Mihula minane ya krediti 12 ni 96. Shahada kwa kawaida inataka 120. Mwanariadha anayefanya kila kitu sawasawa, asiyefeli hata somo moja, anaweza kumaliza miaka yake minne ya mashindano akiwa na upungufu wa krediti 24, na enzi zetu hapo ndipo pesa zilipokoma. Kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliyomtaka mwanariadha afikishe asilimia 40 ya shahada yake kufikia mwisho wa mwaka wa pili, kisha 60, kisha 80, ilianza kwa walioingia mwaka 2003. Nilikuwa nimeshaondoka.

Niliondoka kwa sababu ya kanuni nyingine, ya mwaka 1973. Tangu mwaka huo ufadhili wa wanariadha ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na chuo kiliweza kutouendeleza. Ufadhili wa miaka mingi uliruhusiwa tena mwaka 2012. Mfupa wa mguu wangu ulipopata ufa, barua ya kusitisha ufadhili ikaja wakati wa kiangazi. Nyumbani wadogo zangu walihitaji karo. Nilipopona nilikimbia mbio za barabarani kwenye miji midogo kwa zawadi ya pesa taslimu, kisha ndoa, watoto, na zamu za usiku katika nyumba ya wazee.

Sasa nimerudi darasani, kwenye chuo kilekile. Krediti nyingi zimehesabiwa. Zile za sayansi zimeonekana zimezeeka, kwa hiyo anatomia naanza upya. Natoka zamu asubuhi, nalala, kisha naingia maabara alasiri, saa zilezile nilizokuwa nikizungushwa uwanjani. Hakuna furaha niliyowahi kuipata kwenye mbio inayofanana na hii. Namfikiria sana Sally Kipyego, aliyesomea uuguzi Texas Tech huku akishinda mataji ya vyuo mfululizo, kisha akachukua fedha ya mita 10,000 London mwaka 2012. Sijui mtu aliyebeba mzigo mzito kuliko ule.

Wamarekani wenyewe hurudi, na wanaporudi hushangiliwa. Bo Jackson alimaliza Auburn mwaka 1995, Shaquille O'Neal akamaliza Louisiana State mwaka 2000, Stephen Curry akamaliza Davidson mwaka 2022. Hao wana uwezo wa kujilipia. Kwa wengine, NCAA ilianzisha mfuko mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wanariadha waliomaliza muda wao wa mashindano katika vyuo vya daraja la kwanza, na ambao hawajabakiza zaidi ya krediti 30. Wenzangu wengi wanaoishi Eldoret, Iten na Kapsabet wanaangukia humo kabisa, na karibu wote niliozungumza nao hawakuwahi kuusikia. Nimeanza kuwaandikia. Mmoja ana ng'ombe wa maziwa na duka la pembejeo, na ameniuliza kama umri wake unaruhusu. Nimemwambia aandikie ofisi ya msajili aombe hati yake ya matokeo, ahesabu krediti mwenyewe, halafu anipigie Jumapili nikiwa sina zamu.