Kuezeka Kabla ya Mvua: Urithi wa Mbozi

Mwaka 1891 Misioni ya Berlin na Wamoraviani waliingia Nyanda za Juu Kusini, wakapatana juu ya mpaka wa kazi: Walutheri mashariki, Wamoraviani magharibi. Kwa hiyo ni Mmoraviani, Traugott Bachmann, aliyefungua mwaka 1899 kituo cha Mbozi miongoni mwa Wanyiha, katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe.

Kuhubiri peke yake hakukutosha. Nyumba ya miti, udongo na nyasi huliwa na mchwa, na katika nchi hiyo mvua huanza yapata Novemba. Septemba na Oktoba, majira ambayo huko Ulaya majani hupukutika, ndiyo miezi ya mwisho ya kuezeka upya na kukandika kuta. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya wenyeji.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1916. Majeshi ya Uingereza yalipovuka mpaka, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, akiwemo Bachmann, mtumishi wa Afrika tangu 1892. Paa halingojei amani. Walimu na waumini wenyeji waliendeleza kazi, wakisaidiwa baadaye na Waskoti wa Livingstonia, hata Wajerumani waliporejea katikati ya miaka ya 1920.

Basi usharika uadhimishao miaka 100 una deni kwa waliohubiri, na pia kwa wale ambao majina yao hayakuandikwa, waliopanda darini kabla ya mvua.