Uondoaji Marudio

Mwambie mtu kwamba kampuni inayomtunzia faili zake mtandaoni "inaondoa nakala rudufu" uone atakavyoruka. Kwa wengi wetu nakala rudufu ndiyo akiba: simu ikiibwa, ndiyo inayokuokoa. Ndiyo maana tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "deduplication" siipendi. Nilijaribu pia "kurudufua", kwa mfano wa funga na fungua, lakini halikukaa mdomoni. Kauli ya kutendua haijazoea vitenzi tulivyovitoa Kiarabuni. Nimebaki na uondoaji marudio, kwa sababu kinachoondolewa hasa ni kile kinachojirudia.

Chukua video ya harusi ya MB 600. Ndugu 12 wameinakili kutoka flashi moja, kila mmoja akaipandisha kwenye akaunti yake. Jumla ni MB 7,200. Huduma inayoondoa marudio baina ya wateja wake hutunza 600 tu. Hukata faili vipande, mathalani vya MB 4, kisha hukipigia kila kipande hesabu iitwayo SHA-256, inayotoa alama ya tarakimu na herufi 64. Alama ikiwa imo daftarini tayari, kipande hakihifadhiwi tena. Huandikwa tu kwamba na fulani anacho. Mmoja akifuta, wenzake 11 hawapotezi kitu, maana kipande hakitupwi maadamu kuna anayekidai. Shangazi aliyeipokea kama video ya kawaida ya WhatsApp, yeye hayumo: huko video hubanwa upya, na ingawa machoni ni ile ile, alama zake ni nyingine kabisa.

Diski zinazookolewa ni nyingi, na umeme wake pia. Alama zikilinganishwa kabla ya kupandisha, hata bando la mteja hupona. Ila hapo pana siri inayovuja. Mwaka 2010 watafiti Harnik, Pinkas na Shulman-Peleg walionyesha kwamba faili ikipanda kufumba na kufumbua, aliyeipandisha ameshajua kuwa kuna mwingine aliyetangulia kuiweka. Kwa faili ya harusi si neno. Kwa barua ya siri ni jambo jingine, na ningekubali kupoteza bando.

Na nafasi? Kwa kawaida kila ndugu hukatwa MB 600 kamili kwenye akaunti yake. Punguzo ni la mwenye diski.